Kibofu baada ya ugwe wa mgongo kuumia: kwa nini kukauka si kupona

Siku majeruhi wa uti wa mgongo anaporuhusiwa kutoka wodini, ndugu waliokuja kumchukua huuliza swali moja: atatembea tena? Ni swali la haki, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuliuliza. Lakini wakati macho yote yako kwenye miguu, pembeni mwa kitanda unaning'inia mfuko wa plastiki wenye mkojo, umeunganishwa na mpira unaoingia kwenye kibofu, na mara nyingi maelezo pekee waliyopewa kuhusu mpira huo ni kwamba mgonjwa arudishwe baada ya mwezi ukabadilishwe. Makala haya yanahusu mpira huo na kibofu unamoishia, kwa sababu kwa mtu aliyepooza kuanzia kifuani au kiunoni, namna kibofu kitakavyotunzwa kwa miaka 10 na 20 ijayo ndiyo itakayoamua figo zake zitakuwa katika hali gani.

Historia inalionyesha hilo waziwazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi walioumia uti wa mgongo walifariki ndani ya wiki au miezi michache, na waliowamaliza zaidi walikuwa vidonda vya kulalia pamoja na maambukizi yaliyoanzia kwenye mkojo. Hata baadaye, watu walipoanza kuishi muda mrefu, figo kushindwa kazi kuliendelea kwa miongo kadhaa kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao. Mabadiliko makubwa yalianza Februari 1944, pale Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alipoanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Dunia inamkumbuka kwa michezo ya watu wenye ulemavu iliyokuja kuzaa Paralimpiki, lakini kazi yake nyingine, isiyo na medali, ilikuwa kusisitiza kwamba kibofu cha majeruhi kitolewe mkojo kwa vipindi, kwa mpira unaoingizwa na kutolewa kwa usafi wa hali ya juu, badala ya kuachiwa mpira humo ndani siku zote.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lina uzito, tuanze na kibofu kizima. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500, yaani karibu ujazo wa chupa ya maji ya nusu lita. Kinapojaa, ukuta wake hulegea na kutanuka bila kuongeza presha ndani, na msuli ulio chini ya shingo yake hubana ili mkojo usitoke. Wakati wa kukojoa mambo hugeuka: ukuta hujikaza, msuli wa kubana huachia, na yote mawili hutokea kwa pamoja. Upatanifu huo huongozwa na kituo kilichopo kwenye shina la ubongo, ambacho hutuma ujumbe kupitia ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya mfereji wa mifupa ya uti wa mgongo, hadi kwenye kituo kidogo kilicho mwishoni mwa ugwe, karibu na usawa ambapo mbavu za mwisho zinapakana na kiuno. Kituo hicho kidogo kinajua kukaza na kinajua kuachia, lakini hakijui kupanga zamu. Kazi ya kupanga ni ya ubongo.

Ugwe ukiumia juu ya kituo hicho, kama inavyotokea kwa aliyevunjika shingo au kifua, kituo cha chini hubaki hai bila msimamizi. Wiki za mwanzo, na wakati mwingine miezi, kila kitu huwa kimelala na kibofu hujaa tu kama mfuko usio na uhai, ndiyo maana hakuna anayeweza kusema kwa uhakika katika kipindi hicho kibofu kitakuwa cha aina gani. Baadaye kituo huamka, na kibofu huanza kujikaza chenyewe hata kikiwa na mkojo kidogo. Tatizo ni kwamba wakati ukuta unajikaza, msuli wa kubana nao hubana. Ni kama watu wawili mlangoni, mmoja anasukuma kutoka ndani na mwingine amezuia kwa nje: mlango hauendi popote, ila mbao zinaanza kupasuka. Ugwe ukiumia kwenye kituo chenyewe au kwenye neva zinazotoka hapo, hali huwa tofauti: ukuta hulegea moja kwa moja, kibofu hujaa kupita kiasi, na mkojo huanza kuchuruzika kwa kufurika. Wapo pia watu wenye mchanganyiko wa hali hizo mbili, hasa pale jeraha lilipokata baadhi ya njia na kuacha nyingine.

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona mara nyingi, na ninaomba msomaji alitulie. Familia, na hata wahudumu wa afya, hupima mafanikio ya kibofu kwa ukavu: nguo zikiwa kavu, kibofu kimepona, zikilowa, kuna shida. Figo hazipimi hivyo. Zinachohitaji ni presha ya chini ndani ya kibofu. Mkojo hushuka kutoka kwenye figo kupitia mirija miwili myembamba, na kama presha ya kibofu iko juu muda wote, mkojo hukosa pa kwenda, mirija hutanuka, wakati mwingine mkojo hurudi juu ukiwa na vijidudu, na figo huanza kuvimba na kuharibika. Mwaka 1981, Edward McGuire na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa na mgongo wazi, wakaonyesha kwamba wale ambao mkojo wao ulianza kuvuja presha ikiwa imeshapita sentimita 40 za maji (yaani presha inayoweza kuinua maji hadi kimo hicho) ndio waliokuwa hatarini zaidi kuharibika figo, na kiwango hicho bado kinatumika kama alama ya tahadhari. Kwa hiyo anayelowa huenda kibofu chake kinapumua kwa kuvuja, na aliye mkavu kabisa huenda amebeba presha inayomla figo taratibu. Kwa kuwa ujumbe wa maumivu nao umekatwa njiani, hasikii kitu.

Njia inayopendekezwa kwanza kwa mtu mwenye mikono inayofanya kazi ni kujitoa mkojo kwa mpira kwa vipindi, mara 4 hadi 6 kwa siku. Guttmann alitaka kazi hiyo ifanywe kwa usafi wa chumba cha upasuaji, jambo lisilowezekana nyumbani. Mwaka 1972, Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha hoja iliyowashtua wengi wakati huo, kwamba usafi wa kawaida wa sabuni na maji unatosha. Alieleza kuwa kibofu kilichojaa kupita kiasi hutanuka hadi damu ikapungua kwenye ukuta wake, na ukuta usiopata damu ya kutosha hushindwa kupambana na vijidudu. Vijidudu vichache vinavyoingia na mpira havina madhara makubwa iwapo kibofu kinatolewa mkojo kwa wakati na kuisha. Tangu hapo, ratiba imepewa uzito kuliko glavu.

Nieleze inavyokuwa, maana wengi huogopa jambo ambalo hawajawahi kuliona. Ni saa kumi na moja alfajiri. Kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe miaka mitatu iliyopita amekaa kwenye godoro, mgongo umeegemea ukuta, miguu imetandazwa. Pembeni ana jagi la maji, kipande cha sabuni, na chupa ya nusu lita iliyokatwa shingo na kuchorwa mistari kwa kalamu ya wino kila mililita 100. Ananawa mikono, ananawa uume, anachukua mpira mwembamba wa Nelaton, aina ya kuingiza na kutoa, saizi namba 12, na kuupaka jeli ya maji, si mafuta ya kujipaka. Anauinua uume kuelekea tumboni ili mrija unyooke, kisha anausukuma mpira taratibu. Karibu na shingo ya kibofu unakwama. Haulazimishi, anavuta pumzi, anasubiri msuli uachie, anaendelea. Mkojo unaanza kutoka, anausukuma mpira sentimita chache zaidi, na unapokoma anauvuta kidogo kidogo, akisimama kila matone yanapoanza upya, mpaka hakuna kinachotoka. Chupa inasoma 380. Anaandika kwenye daftari: 11:10 alfajiri, 380, safi. Kazi nzima haifiki robo saa.

Daftari hilo ndilo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote na chenye faida kubwa. Kiasi kinachotoka kila safari ya kutoa mkojo kikiwa chini ya mililita 500, ratiba inafaa. Kikifika 600 au 700 mara kwa mara, ama vipindi vimerefuka mno ama maji yananywewa kwa mkupuo, na inabidi safari iongezwe. Kikiwa 150 huku nguo zinalowa katikati, kibofu kinajikaza mapema na pengine dawa inahitajika. Daktari anayeletewa kurasa mbili za namna hii ana cha kufanyia kazi kuliko anayeambiwa tu kwamba mkojo unasumbua.

Mwanamke ana mrija mfupi wa takriban sentimita 4, hivyo mpira hupita kwa urahisi, lakini kuuona mlango wake ni shida, na wengi huanza na kioo kabla ya kujifunza kupapasa kwa kidole. Shida yake kubwa iko nje ya mwili. Choo cha kuchuchumaa, mlango usioruhusu kitimwendo kupita, ngazi tatu kabla ya mlango huo, mafunzo au harusi ya siku nzima mahali pasipo na faragha: wanawake wengi huyatatua haya yote kwa kuacha kunywa maji tangu asubuhi. Suluhisho hilo lina gharama, kwani mkojo mzito hukaribisha mawe na maambukizi. Heri kunywa kwa mpangilio, kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku na zaidi kidogo wakati wa joto kali, kwa glasi zilizogawanywa sawasawa, na kupunguza baada ya magharibi. Usiku una siri yake pia: maji yaliyojikusanya miguuni kwa kukaa mchana kutwa hurudi kwenye damu mtu anapolala, na figo huyatoa, ndiyo maana wengi hukuta kibofu kimefurika alfajiri. Kuinua miguu saa moja au mbili jioni kabla ya safari ya mwisho ya kutoa mkojo husaidia. Anayefunga Ramadhani naye ageuze ratiba yake, kwa kuwa maji yote yatanywewa kati ya futari na daku; safari za usiku ndizo ziongezwe, na ni vyema azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Sasa suala la gharama, ambalo haliwezi kupitwa kimyakimya. Safari 5 kwa siku ni mipira 150 kwa mwezi na 1,825 kwa mwaka, ikiwa kila mmoja utatumika mara moja na kutupwa kama pakiti inavyoelekeza kwa ile alama ya 2 iliyokatwa mstari. Familia nyingi za kwetu haziwezi, na watu huosha mpira na kuutumia tena. Kukataa kulizungumzia hakuwasaidii; huwaacha wakiosha vibaya. Anayelazimika kurudia ausuuze mara tu baada ya kuutumia, ndani na nje, kabla mkojo haujakauka. Auoshe kwa sabuni na maji safi yanayopita katikati yake. Auning'inize ukauke kabisa, kwa kuwa unyevu ndio unaolea vijidudu. Auhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Na autupe ukianza kukakamaa, kubadilika rangi au kuwa na mikwaruzo. Mpira wa mtu mmoja usitumiwe na mwingine kamwe. Ipo pia mipira ya silikoni iliyotengenezwa mahususi kuoshwa na kurudiwa, na ningependa kuona miradi ya misaada inayoleta vitimwendo ikileta na hiyo.

Si kila mtu anaweza njia hii. Aliyevunjika shingo juu kiasi kwamba vidole havishiki, na asiye na msaidizi wa kudumu, mara nyingi hubaki na mpira wa kudumu wenye puto dogo linalojazwa maji ili kuushikilia ndani ya kibofu. Hilo si kosa, mradi hatari zake zijulikane. Vijidudu huingia kidogo kidogo kila siku, na kufikia mwezi mmoja karibu kila mkojo wenye mpira unavyo. Mawe hujijenga kuzunguka puto na kuziba njia. Mpira ukivutwa na uzito wa mfuko, kwa mwanamume unaweza kuchana uume kwa chini taratibu bila yeye kuhisi. Kwa hiyo ufungwe kwa plasta juu ya paja au tumboni ukiwa na ulegevu, na mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Wakati wa kubadilisha, puto lisijazwe mpaka mpira umeingia hadi kwenye panda yake, pale unapogawanyika, na mkojo umeonekana, kwa kuwa puto likijazwa ndani ya mrija hupasua nyama, na mtu huyu hatapiga kelele. Kama mpira utakaa miaka, mara nyingi ni afadhali upitishwe kwenye tundu dogo chini ya kitovu, juu ya kinena: mrija unasalimika, usafi unakuwa rahisi, na maisha ya ndoa yanapata nafasi.

Kuhusu kondomu yenye mrija, ambayo wanaume wengi huipenda kwa wepesi wake, na kuhusu kukandamiza tumbo kwa ngumi ili mkojo utoke, nitasema kwa ufupi. Zote mbili huonekana kufanya kazi kwa sababu mkojo unatoka, lakini kama msuli wa chini umebana, mkojo huo unatoka kwa presha ileile tuliyoizungumzia. Mtu asizitegemee kabla ya kupimwa.

Dawa zipo. Oksibutinini na jamii yake hulegeza ukuta wa kibofu, zikileta kinywa kukauka na choo kigumu, na choo kigumu chenyewe hubana kibofu, hivyo viwili hivyo hutunzwa pamoja. Pale zinaposhindwa, sindano za botulinamu, dawa inayolegeza misuli, ndani ya ukuta wa kibofu hutuliza kwa miezi kadhaa kisha hurudiwa; baada yake wengi hulazimika kujitoa mkojo kwa mpira.

Jambo jingine linalohitaji utulivu ni UTI. Neno hili limekuwa jepesi mno midomoni mwetu, na kwa mtu mwenye mpira limegeuka mtego: kila akipima mkojo, vijidudu vinaonekana, kila vikionekana, anaandikiwa antibayotiki, baada ya miaka michache, dawa za vidonge zimekuwa sugu na kilichobaki ni sindano za gharama. Kuwa na vijidudu kwenye mkojo bila dalili si ugonjwa wa kutibiwa, isipokuwa kwa mjamzito au anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Harufu peke yake au mkojo kuwa na ukungu peke yake hakutoshi. Anywe maji, atoe mkojo kwa wakati, aangalie. Homa, baridi, miguu kuanza kukakamaa na kurukaruka kuliko kawaida, kuvuja kusikoeleweka, au mwili kuchoka ghafla ndizo dalili. Hapo mkojo uchukuliwe, kwa mwenye mpira wa kudumu kutoka kwenye mpira mpya, uoteshwe maabara, ndipo dawa ichaguliwe.

Ipo dharura moja ambayo kila nyumba yenye mtu aliyeumia ugwe kwenye usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu yake lazima iifahamu. Kibofu kikijaa kwa sababu mpira umekunjika au umeziba, mwili hupandisha presha ya damu kwa kasi na ubongo hauwezi kuishusha. Kichwa hugonga, uso huwa mwekundu na kutoka jasho, pua huziba. Presha ya kawaida ya watu hawa, kwa namba ya juu, mara nyingi ni 90 hadi 110, hivyo 150, ambayo zahanati inaweza kuiona ya kawaida, kwao ni hatari inayoweza kuleta kiharusi. Akalishwe wima mara moja, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko, kibofu kitolewe mkojo. Kama si kibofu, choo kilichojaa kiangaliwe. Kumlaza chali, jambo ambalo watu hukimbilia, huzidisha presha.

Linalobaki ni ufuatiliaji. Kipimo cha presha ya kibofu hakipatikani kila mahali, lakini altrasaundi ya figo na kibofu inapatikana katika hospitali nyingi za mikoa na kaunti, na inafaa ifanywe kila mwaka hata kama mtu anajisikia mzima. Kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kisitegemewe peke yake: taka hiyo hutokana na misuli, na aliyepooza misuli yake imepungua, hivyo namba inaweza kuonekana nzuri wakati figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo. Mkojo wenye damu nao una maelezo zaidi ya moja. Kwa anayeishi kwenye maeneo ya pwani na visiwani yenye kichocho cha mkojo, mayai ya kichocho yatafutwe na kutibiwa. Kwa aliyekaa na mpira wa kudumu zaidi ya miaka 10, damu inayojirudia bila homa isitulizwe kwa dozi nyingine ya antibayotiki. Apelekwe kwa daktari wa njia ya mkojo, aingize kamera ndani ya kibofu na kutazama ukuta wake, kwa sababu mpira wa muda mrefu na kichocho cha muda mrefu, kila kimoja kwa njia yake, huongeza hatari ya saratani ya kibofu.